Mboji Kabla ya Nailoni: Maneno kwa Wenye Vitalu vya Kibingo

Leo nataka tuzungumze, kwa utaratibu na bila ya haraka, juu ya jambo ambalo laonekana dogo kwa kuwa huanzia ndani ya kiriba kisichojazwa ila kwa konzi chache za udongo, walakini natija yake husimama juu ya ardhi miaka thelathini, hamsini, au zaidi ya hiyo: nataka tuzungumze juu ya mboji, na namna ya kuitumia kukuzia miche ya miti ndani ya kitalu nyumba.

Nieleze nia yangu tangu mwanzo, ili asiwepo atakayepotea katikati ya maneno. Siku hizi vitalu nyumba vimeanza kuingia vijijini, na mtu akipita akaona nguzo zimesimama na karatasi ya nailoni inang'aa juani husema moyoni mwake kuwa hapo maendeleo yamefika. Nami sina ugomvi na nyumba hizo; ni kitu chema, na baadaye nitazitaja fadhila zake. Lakini nyumba haiulei mche. Kinachoulea mche ni kile kilichomo ndani ya kiriba, na kama kilichomo ni udongo mchovu uliochotwa kando ya njia, hata ukijenga nyumba ya vioo mche wako utatoka mwembamba, wa manjano, usio na mizizi, na utakufa kwenye shimo lake mvua itakapochelewa majuma mawili. Basi neno langu la leo ni hili, nanyi mtanisamehe nikilirudia mara nyingi: mboji kwanza, nyumba baadaye.

Je, kwa nini tujishughulishe na miche ya miti hata tuitengee saa ya redio? Wazee wetu mnakumbuka, na vijana mmesimuliwa, jinsi mambo yalivyokuwa mwaka 1994, wakati mauaji na vita vya Rwanda viliposukuma mamia ya maelfu ya watu kuvuka Mto Kagera, na wilaya za Ngara na Karagwe, kabla Kyerwa haijawa wilaya ya peke yake mwaka 2012, zikawapokea wageni waliokuja na roho zao tu. Kambi zikaota Chabalisa, Kagenyi na kwingineko, na kila jiko katika kila hema lilihitaji kuni asubuhi na jioni. Hakuna mwenye insafu atakayewalaumu watu wale kwa kukata mti ili wapike uji wa mtoto. Mwisho wa mwaka 1996 walirejea kwao, na vilima vikabaki vitupu. Tangu hapo haja ya kuni na mkaa haikupungua, haja ya nguzo na mbao imezidi, matofali yachomwa kila kiangazi, na mbuni nao, hasa huu wetu wa robusta, wapenda kivuli chepesi juu yake. Kwa hiyo miti tunaihitaji, tena kwa wingi, na mti usiooteshwa na mtu siku hizi aghalabu hauoti kabisa.

Kazi hiyo imekwisha kuanzwa, nasi hatuanzi katika giza. Shirika la Vi, lililozaliwa kwa michango ya wasomaji wa gazeti moja la Uswidi na kuanza kupanda miti huko Kenya magharibi mwaka 1983, lilifika Kagera mwaka 1994, na likafundisha kilimo mseto kijiji kwa kijiji. Baadaye ukaja mradi wa Emiti Nibwo Bulora hapa hapa Karagwe na Kyerwa, ambamo wakulima wadogo walipanda miti katika mashamba yao na kulipwa kwa ile hewa ya ukaa ambayo miti huivuta na kuihifadhi. Watu wengi walipata kujua kuwa mti ni mali hata kabla haujakatwa. Lakini katika vitalu vingi nilivyopata kuvitazama, jambo moja lilibaki nyuma ya mengine yote, nalo ni udongo wa kujazia viriba. Mbegu hutafutwa kwa bidii, maji huchotwa mbali, kivuli husukwa vizuri; ukiuliza udongo umetoka wapi, utaambiwa, umechotwa hapo tu.

Jambo hili lanistaajabisha kwa sababu ya watu wanaolifanya. Mtu aliyezaliwa Karagwe au Kyerwa hahitaji mwalimu wa kutoka mbali amfundishe kuwa ardhi haitoi ila ikipewa. Tazameni kibanja. Ardhi ya sehemu kubwa ya Kagera, ile ya rweya inayoota nyasi, ni ardhi ya kale iliyooshwa na mvua, yenye rutuba haba. Ilhali kibanja, kilichoizunguka nyumba, kina migomba iliyonenepa, mibuni chini yake na maharage chini ya mibuni. Kimeipataje rutuba hiyo? Kimeipata kwa mikono ya watu. Vizazi kwa vizazi walibeba nyasi kutoka rweya na kuzitandaza migombani, wakachukua samadi kutoka zizini, majivu kutoka jikoni, maganda ya ndizi, na kila kilichooza, wakakilaza juu ya udongo ule ule mahali pale pale, mpaka ukawa mweusi. Hata msiba wa sotoka ulipowaua ng'ombe katika miaka ya 1890, na samadi ikaadimika, watu hawakuiacha desturi hiyo. Waliipunguza kwa kuwa hawakuwa na budi. Hii ni elimu, wasikilizaji, na ni elimu kubwa. Ninachowaomba ni kuichukua kutoka migombani na kuitia ndani ya kiriba.

Sasa nije kwenye mboji yenyewe, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye uzito wa mazungumzo yangu.

Mboji ni nini? Ni mabaki ya mimea na ya wanyama yaliyokusanywa pamoja, yakapewa maji na hewa kwa kadiri, yakaliwa na viumbe wadogo wasiohesabika, yakapata joto, yakapoa, na mwisho yakageuka kuwa kitu cheusi, chepesi, kinachomeguka, chenye harufu ya udongo wa msituni baada ya mvua. Shikeni maneno yale mawili, maji na hewa. Taka zilizotupwa shimoni zikalowa na kushindiliwa huoza pia, lakini huoza kwa uvundo, na kile kitokacho humo si rafiki wa mche.

Chagueni mahali penye kivuli, pasipotuama maji. Lundikeni biwi lenye upana na urefu wa mita moja na nusu, na kimo cha mita moja na robo hivi; likiwa dogo kuliko hapo halishiki joto, na likiwa kubwa mno hewa haifiki katikati. Chini kabisa wekeni vitu vigumu, mabua ya mahindi au vijiti, ili hewa ipite. Juu yake tandazeni tabaka la vitu vikavu, kama majani makavu ya migomba na nyasi, kisha tabaka la vitu vibichi, kisha samadi, kisha konzi za udongo wa shambani na majivu kidogo, nyunyizeni maji, mwanze tena tangu vitu vikavu mpaka biwi litimie, mwishowe mlifunike kwa nyasi au majani ya migomba. Vikavu viwe vingi kuliko vibichi.

Kuhusu vitu vibichi, mnayo hazina ambayo watu wengi hupita kando yake kila siku bila ya kuitazama. Nasema alizeti pori, ule mmea wenye maua ya manjano unaoota kando ya barabara na kwenye mipaka ya mashamba. Majani yake yana virutubisho vingi, naitrojini, fosforasi na potasi, na huoza upesi sana. Ukateni kabla haujatoa mbegu, mkatekate, mtie katika biwi. Hauuzwi, haukopeshwi, na ukikatwa leo huchipua tena.

Baada ya siku chache biwi litapata joto. Mtajuaje? Chomekeni fimbo ndefu mpaka katikati, muiache humo. Ichomoeni baada ya siku kadhaa na kuishika: ikiwa ya moto na ina unyevu, kazi inakwenda; ikiwa ya moto lakini kavu, ongezeni maji; ikiwa baridi na ina maji na yanuka, fungueni biwi lipate hewa. Joto hili si jambo la kupuuza. Katikati ya biwi lililopangwa vema huweza kufikia digrii hamsini na tano hata sitini na tano, na joto la kadiri hiyo huua mbegu nyingi za magugu pamoja na wadudu na kuvu waletao maradhi. Ila pembezoni joto halifiki. Kwa sababu hiyo biwi lazima lipinduliwe, cha nje kiende ndani na cha ndani kije nje, baada ya majuma mawili au matatu, kisha tena baada ya muda kama huo. Mwenye kupindua biwi lake ameshika nusu ya kazi. Asiyepindua hupata mboji pia, lakini huipata kwa kungoja sana, na magugu yake huja nayo kitaluni.

Miezi mitatu hivi ikipita, mboji huwa tayari. Nasema hivi, kwa sababu hali ya hewa, ukavu wa vitu na bidii ya mwenye biwi haviwi sawa. Dalili za kuiva ni tatu: joto limetoka na halirudi hata ukipindua, huwezi tena kutambua lipi lilikuwa jani na lipi lilikuwa bua, na harufu ni ya udongo. Na hapa, wasikilizaji wapenzi, naomba masikio yenu yote. Mboji mbichi ni adui wa mche. Ikiwa haijaiva, wale viumbe wadogo bado wanafanya kazi yao, nao huitwaa naitrojini iliyomo katika kiriba kwa haja yao wenyewe, na mche wako ukakosa, ukapiga umanjano. Tena joto na ukali wake huweza kuichoma mizizi michanga. Wengi waliojaribu mboji mara moja wakaiacha wakisema haifai, walitumia isiyoiva. Samadi mbichi kutoka zizini hukumu yake ni hiyo hiyo.

Na hadhari nyingine mbili, kwa kuwa tuko Kagera. Mnaujua mnyauko wa migomba uletwao na bakteria, ulioingia mkoani kwetu katikati ya miaka ya 2000 ukatupunguzia chakula na furaha. Mgomba uliougua usikatwe ukaburutwa hadi kwenye biwi, wala panga lililoukata lisitumike kwa mwingine bila kupitishwa motoni. Aidha mnyauko fuzari wa kahawa: mibuni iliyokauka kwa maradhi hayo, matawi yake na maganda yake, visiingie katika mboji ya kitalu, hasa kitalu cha mibuni. Maganda ya kahawa kutoka mibuni mizima ni kitu kizuri sana, nayo hupatikana kwa wingi penye vinu. Ila yachanganywe na samadi na kupewa muda mrefu zaidi, maana ni magumu kuoza.

Basi mboji imeiva. Tuijaze katika viriba. Ichekecheni kwanza kwa wavu, mabonge yarudi katika biwi jipya. Mchanganyiko ninaoupendekeza kwa miti mingi ni madebe matatu ya udongo wa juu wa shamba, debe moja la mboji, na debe moja la mchanga wa mtoni. Na kama udongo wenu una mchanga tangu asili, punguzeni mchanga. Mboji peke yake bila ya udongo haifai, hunywea na kuuacha mche ukining'inia. Udongo ulioshikana kama tope nao haufai, maana maji hutuama juu na mizizi haipumui. Shikeni konzi moja ya mchanganyiko ulio na unyevu, mkaze mkono, mfungue: ukishikana kidogo kisha ukameguka ukiguswa, umefaa.

Mtu ataniuliza: tulizoea kuchota udongo mweusi wa msituni, nao huotesha vizuri, kwa nini tusumbuke na biwi? Swali ni la haki. Udongo wa msituni ni mzuri kwa sababu ni mboji ambayo msitu umejitengenezea kwa miaka mingi. Lakini kila gunia unalolichukua huacha kovu, nawe unaubomoa msitu uliopo ili upande msitu ambao haujakuwapo. Maarifa ya namna hiyo sioni faida yake. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo udongo wa chini ya miti unalo na mboji haina, nami sipendi kulificha. Mipaini haistawi bila ya kuvu fulani wanaoishi pamoja na mizizi yake na kuisaidia kutafuta virutubisho. Mipaini ilipoletwa Afrika kutoka ng'ambo, pengi miche ilidumaa mpaka watu walipochanganya udongo uliotoka chini ya mipaini mikubwa. Kwa hiyo anayeotesha mipaini na aongeze konzi chache tu za udongo huo katika mchanganyiko wake, na miti ya jamii ya kunde vivyo hivyo, udongo kidogo wa chini ya mti mama. Konzi chache, si magunia.

Na yupo mwingine, pengine ni mama mwenye kibanja, anayewaza kwa haki: mboji hii mkiimaliza kitaluni, migomba yangu itakula nini? Tufanye hesabu pamoja, hesabu nyepesi. Kiriba cha kawaida huingia nusu lita ya mchanganyiko hivi. Miche elfu moja basi yataka lita mia tano, na sehemu moja katika tano ndiyo mboji, yaani lita mia, au madebe matano. Biwi moja la ukubwa niliousema, hata likinywea likabaki nusu, hutoa madebe yapatayo sabini. Toa matano kwa miche yako elfu, sitini na tano yote yarudi migombani. Kitalu hakikinyang'anyi kibanja chochote, bali humpa mtu sababu ya kutengeneza biwi ambalo alikuwa akiliahirisha kila mwaka.

Wako watu wa elimu waliolichungua jambo hili katika ardhi hii hii ya Karagwe. Katika mwongo wa 2010 watafiti waliohusiana na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin walishirikiana na shirika la wakulima la Mavuno, lililoko Karagwe, wakalinganisha shambani mboji ya kawaida, masalio ya mitambo ya bayogesi, na mboji ya namna ya tatu iliyochanganywa na makaa yatokayo katika majiko pamoja na kinyesi cha binadamu kilichokwisha kuondolewa vijidudu kwa joto. Udongo wao una asili ya volkeno, na ni mchache wa fosforasi ambayo mmea huweza kuifikia. Mahindi yaliyopata ile mboji ya tatu yalizidi maradufu, tena kwa mbali, yale ya udongo usiopewa kitu. Walijaribu kwa mahindi, maharage na mboga, hawakujaribu kwa miche ya miti. Lakini somo juu ya udongo ni lile lile, kwamba ardhi hii huitika upesi ikilishwa. Mambo ya kinyesi cha binadamu yaachiwe wenye mafunzo na vyombo vyake. Vumbi la makaa, hilo kila jiko linalo, nanyi mkitia kidogo katika biwi litasaidia kushika maji na virutubisho visioshwe.

Sasa nyumba. Nitaipitia kwa ufupi, maana wenye kuijenga wapo na wataijenga. Fadhila zake ni hizi: miezi ya Juni na Julai, usiku wa vilima vyetu ni wa baridi, na mbegu zilizo ndani ya nyumba huota mapema kuliko za nje, mvua kubwa haizifukui mbegu ndogo, kuku na mbuzi hawafiki, na maji hutumika kwa uangalifu. Madhara yake nayo yapo. Nailoni ikifungwa pande zote, saa za adhuhuri ndani huwa tanuri, na unyevu usiotoka huleta kinyausi, ule ugonjwa unaooza shina la mche pale linapogusana na udongo, mche ukalala chini kwa usiku mmoja. Dawa ya kwanza ya kinyausi ni hewa: pande za nyumba ziwe za wavu au zikunjwe mchana. Dawa ya pili ni kumwagilia asubuhi, wala si jioni, tena kwa kiasi. Dawa ya tatu ni kutosia mbegu kwa msongamano. Na dawa ya nne mmekwisha kuijua, ni mboji iliyopata joto na kuiva.

Asiye na fedha ya nailoni je, akae asioteshe? Hasha. Kichanja cha miti kilichoezekwa kwa nyasi, kinachopitisha mwanga nusu, kimeotesha mamilioni ya miche katika Afrika Mashariki. Akina mama walioitwa na Wangari Maathai mwaka 1977 huko Kenya, waliounda vitalu vya Green Belt Movement na ambao kwa kazi yao naye alipata nishani ya Nobel ya amani mwaka 2004, hawakuanza na nailoni. Mwenye shilingi chache nazionea huruma shilingi zake: azitumie kwanza kununua mbegu nzuri, wavu wa kuchekechea na viriba, na mboji aitengeneze mwenyewe. Nyumba itakuja.

Niseme pia neno juu ya miti yenyewe, kwa kuwa haifanani tabia. Mgrivea, uliotoka Australia na kuzoea kabisa mashamba ya kahawa, una mbegu nyepesi zinazopeperuka mara ganda linapofunguka, basi ganda lichumwe linapogeuka kahawia. Na mbegu isiwekwe muda mrefu, hupoteza uhai wake. Msambya wetu, wenye maua ya manjano mnayoyaona kando ya nyumba za zamani, huota kwa urahisi, na nguzo zake zina sifa. Muhumula, ambao ndege hondohondo hupenda tunda lake, una kokwa ngumu inayoota kwa kuchelewa na kwa kupishana. Ilowekeni usiku kucha katika maji ya baridi, kisha mwe na subira, msiumwage udongo mkidhani mbegu zimekufa. Mkaratusi huota upesi, lakini msiupande karibu na chemchemi, maana ni mnywaji mkubwa. Ikiwa mnaniuliza mimi niipendayo kwa kibanja, nitasema msambya na muhumula, kwa kuwa ni ya hapa na huishi kwa amani na mibuni.

Mche ukishafika kimo cha shubiri moja, mizizi hutoka chini ya kiriba na kutaka kuingia ardhini. Inueni viriba kila baada ya majuma machache, mkate mizizi hiyo; asiyefanya hivyo ataung'oa mche siku ya kupanda na kuacha nusu ya mti kitaluni. Na mwezi wa mwisho, jambo ambalo wenye vitalu nyumba hulisahau mno, itoeni miche chini ya nailoni, iwekeni kwenye kivuli chepesi, kisha juani, mkipunguza maji kidogo kidogo. Mche uliotoka nyumbani moja kwa moja hadi shambani ni kama mtoto aliyeachishwa ziwa na kupelekwa safari siku hiyo hiyo. Upeni mwezi mmoja wa kuzoea.

Huko duniani nako watu walirudi kwenye mboji baada ya kuidharau. Mwingereza mmoja mwanachuoni wa kilimo, Albert Howard, alifanya kazi Indore huko Uhindi tangu 1924 hadi 1931, akatazama jinsi wakulima wa kule walivyorudisha ardhini kile kilichotoka ardhini, akaupanga utaratibu wa mabiwi ambao katika miaka ya 1930 ulifuatwa hata katika mashamba ya kahawa ya Kenya. Alichukua maarifa ya wakulima wa Asia akayapa maneno ya maabara. Nasi tunao wakulima wetu, wanawake kwa wanaume, ambao kibanja chao ni ushahidi tosha, na ingekuwa dhuluma kuyaacha maarifa yao yaishie migombani wakati vilima vimekaa vitupu.

Wasikilizaji wapenzi, saa yangu inakwisha, na masika yameanza. Alizeti pori imesimama kila mahali, majani yapo, samadi ipo. Biwi litakaloanzwa sasa, mwezi huu wa Machi, litaiva Juni. Mbegu za mgrivea na msambya zikisiwa Juni zitatoa miche iliyokomaa mwezi wa Oktoba na Novemba, mvua za vuli zikiwa zimeshika. Atakayengoja hadi kiangazi ndipo aanze biwi atajikuta Juni ana nailoni na viriba vitupu. Kwa hiyo nawaomba ninyi wa Kibingo, vikundi vya akina mama, shule zenye bustani, vijana mnaotaka kuuza miche, na wewe mzee mwenye kibanja kimoja: juma hili chagueni mahali penye kivuli, mkusanye mabua, mkate alizeti pori, muanze biwi la kwanza. Na mwenye swali alilete hapa redioni, tutalijibu katika kipindi kijacho.